Mashati Yasiyo na Alama

Haya alinisimulia mkamwana wangu Jumamosi iliyopita, tukikunja nguo zilizotoka kuanuliwa, na muda wote alikuwa hanitazami usoni. Yeye ni msimamizi katika kiwanda kidogo cha kushona sare za shule. Mafundi kumi na mmoja, kila mtu na cherehani yake, na meza ya ukaguzi karibu na dirisha.

Kazi yao ina utaratibu. Fundi akimaliza shati hutia ndani ya kola uzi mdogo wa rangi yake, ili likiwa na kasoro lijulikane ni la nani, limrudie. Wa Mama Pacha mwekundu. Wa Kobe kijani.

Kobe ni jina la utani. Mwanamke huyo ana mwili, anatembea taratibu, na ukimsalimia leo unaweza ukajibiwa kesho. Msimamizi hakuwa na ugomvi naye. Ila mashati ya kijani yalikuwa yanarudi, yanarudi, kila siku ya Mungu, na meneja alikuwa ameagiza jina moja. Fundi mmoja atolewe kwenye cherehani apelekwe chumba cha pasi, na kule ni kusimama kwenye mvuke asubuhi hadi jioni. Kobe miguu inamvimba. Msimamizi alilijua hilo, lakini alishaliandika jina lake kwenye karatasi, akaitia mfukoni. Meneja angeifuata saa saba.

Asubuhi hiyo stoo ikaishiwa nyuzi za rangi.

"Leo shoneni hivyohivyo," msimamizi akasema. "Nitawauliza wenyewe."

"La Kobe utalijua tu, dada," Mama Pacha akadakia. "Ndilo litakalokuwa halijafika!"

Wakaangua kicheko. Kobe naye akatabasamu, mguu haukuacha kukanyaga.

Kufika saa tano meza imejaa mashati meupe, yote sura moja. Msimamizi akashika la kwanza, akaligeuza ndani nje, akalipeleka dirishani, akavuta mshono wa bega. La pili vilevile. Kwa kuwa hakujua lipi la nani, yote aliyafanya hivyo, na kazi ya nusu saa ikamla saa nzima na ushei. Akatoa tisa mabovu.

"Haya, kila mtu achukue lake."

Fundi anaujua mkono wake. Mama Pacha akachukua matano, uso umemshuka. Wengine wawili wakachukua mawili mawili. Kobe hakuinuka.

"Na wewe je?"

"Langu halimo."

"Halimo vipi? Kobe, usinichoshe." Akamgeukia Mama Pacha. "Umembebea mwenzako mzigo?"

"Mimi? Nimbebee Kobe? Kwani nimerukwa na akili, dada? Haya yangu. Tazama, uzi naukata kwa meno."

Kobe akasimama, mwendo wake uleule, akafika mezani, akaanza kuchambua rundo la mazuri. Akatoa kumi na manne. "Mimi mwisho wa mshono narudisha mara tatu. Angalia."

Msimamizi akaangalia. Yote yamerudishwa mara tatu.

"Basi mbona yako kila siku yanarudi?"

Kobe akainua shati moja. "Hata haya yangerudi, kama yangekuwa na uzi wa kijani. Hili lina kiuzi kimechomoza, unaona? Jana la namna hii ulinirudishia. Siku zote unageuza ya kwangu tu, dada. Leo umegeuza ya wote."

Msimamizi alitaka kukasirika, hasira ikakosa pa kushika. Akaiona mikono yake mwenyewe: uzi mwekundu, tupa jicho, weka kando. Uzi wa kijani, geuza, vuta, peleka dirishani. Miezi mitatu, na hakuna aliyemtuma.

"Mbona hukusema?"

"Saa ngapi? Mapumziko yote nafumua."

Kweli. Kila siku wenzake wakila, Kobe alikuwa na wembe mkononi, anafumua yaliyorudi. Msimamizi alikuwa akimpita pale akidhani anamalizia uvivu wa asubuhi.

Saa saba meneja akaingia. "Karatasi iko wapi?"

"Nimeichana."

"Umeichana?"

"Nililiandika jina kwa makosa, na makosa ni yangu. Alama zihamie ndani ya mfuko wa shati, nisizione kabla sijamaliza kukagua. Na chumba cha pasi twende kwa zamu, na mimi nimo."

Meneja akamfokea mbele ya mafundi wake, kwamba msimamizi gani huyu hajui watu wake. Msimamizi akayameza yote. Mwisho akapewa wiki mbili za kujaribu, basi.

Kengele ya mapumziko ikalia. Kobe akala chakula chake chote, cha moto, kisha akaegemea marobota ya kitambaa. Msimamizi akamsogezea kigoda.

"Weka miguu juu, dada."

"Asante."

"Leo Kobe kapata kiti cha enzi!" Mama Pacha akasema huku akifumua matano yake. "Na kengele ikilia, nani atamwamsha?"

"Bado nusu saa," msimamizi akamjibu. "Punguza sauti."

Kobe hakuwasikia. Alishalala.