Tuta la Mama

Mimi ni seremala, na sioni haya kusema kwamba mtaani kwetu mkono wangu hauna mpinzani. Ndiyo maana daktari alipomkataza mama kuchuchumaa kwa sababu ya magoti, na kaka yangu akatangaza kwamba basi, Jumamosi anakuja kumchukua akaishi naye kwake, ghorofa ya tatu, nilimjibu papo hapo.

"Mama haendi popote. Kama hawezi kuinamia bustani, nitaiinua bustani imfuate."

Kaka huyu ni mkubwa wetu, na nyumbani tumembandika jina la Meneja, maana hata chai ya mwenzake huikoroga yeye. Alicheka. Tukakubaliana: Jumamosi akimkuta mama anapanda mboga bila kuchuchumaa, atamwacha abaki hapa nyumbani. La sivyo, mama anafungasha. Mama alishona nguo za watu miaka arobaini, na tangu aache cherehani, bustani ndiyo inayomtoa kitandani asubuhi. Alitutazama kwa zamu, kisha akaenda kumwagilia nyanya zake akiwa amejishikilia ukutani.

Jumatatu nikaanza kuchagua vifaa. Moyo wangu, bila shaka, ulikuwa kwenye mbao. Meneja, kwa wema wake wa kuamrisha, akaniletea gari lenye nguzo nne kuukuu za umeme, bure kabisa. Nikazinusa. Zilikuwa zimelowa ile dawa ya kuzuia mchwa inayowasha mpaka kooni. Nikampigia simu.

"Kitakachoota humu mama atakila. Zirudishe."

"Mboga zinaota juu, dawa iko pembeni."

"Na mizizi unadhani inakaa wapi, sebuleni?"

Mabati niliyakataa kwa sababu jua la mchana lingeichemsha mizizi, na kingo zake zingemkata mama mikono. Matairi niliyataja tu, mama akakunja pua kabla sijamaliza. Zikabaki mbao safi zisizo na dawa, lakini mchwa wa uani kwetu walishautafuna mlango wa choo zikabaki bawaba. Basi mimi, seremala, nikaenda kununua matofali ya saruji. Mwashi jirani yetu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Fundi, umehama chama?"

Nikamwambia afunge mdomo anisaidie kupakia.

Niliyapanga makavu, bila kuyaunganisha kwa saruji, kila tofali likikalia maungio ya yaliyo chini yake ili ukuta usiteleze. Safu tano, kimo sawasawa na meza yangu ya kazi. Upana nikauacha kiasi cha mkono kufika katikati kutoka kila upande. Chini nikamwaga kokoto za kupitisha maji, juu yake udongo uliochanganywa na samadi. Siku zote hizo mama aliniletea maji ya kunywa, akanisifia. Ijumaa mchana nikasimama kando kuitazama kazi yangu, na kichwa kikavimba.

Jumamosi asubuhi Meneja alifika na viatu vya kung'aa. Mama akatoka na kigoda chake, akakiweka kando ya tuta, akakaa. Ukuta ukamfika kidevuni.

"Mama, si usimame?" nikasema.

"Nisimame mpaka lini? Daktari alisema nisichuchumae, na nisisimame muda mrefu. Wewe uliondoka na nusu ya maneno."

Ni kweli. Daktari alipofika kwenye kusimama, mimi kichwani nilishaanza kupima. Na nilipima kwa kiuno changu mwenyewe, kwa kuwa kazi yangu ni ya kusimama. Mama alifanya kazi maisha yake yote akiwa amekaa, nami nikamjengea meza ya kurandia mbao. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Haya mama, begi liko wapi?" Meneja aliuliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma.

"Nyuma ya mlango."

Nikaenda kuchungulia. Begi lilikuwa pale, limefungwa tayari.

"Umelifunga lini, mama?"

"Jumatano, mwanangu, ulipopandisha safu ya nne."

Kumbe alikuwa akinisifia huku ameshafungasha. Nilitaka kulia, nasema kweli. Nikaokota koleo.

"Meneja, vua viatu."

"Mimi?"

"Kuna kaka mwingine hapa? Ningeyaunganisha kwa saruji, leo ungeondoka na mama. Matofali haya yanatoka."

Tukashusha udongo, tukatoa safu mbili. Upande wa mbele nikafungua pengo la magoti, nikalizungushia ubao mgumu kama sanduku ili udongo usiporomoke.

"Na mchwa?" Meneja akauliza huku anahema.

"Wakiutafuna nitaweka mwingine. Nipo."

Mama akasogeza kigoda. Magoti yakaingia, viwiko vikatua juu ya tofali kama vilivyozoea kutua kwenye meza ya cherehani. Akachukua mche wa kitunguu, akauchimbia kwa kidole, akashindilia. Wa pili. Wa tatu. Akamaliza mstari mzima, akaanza mwingine, wala hakutuangalia. Alikuwa ameanza kuimba puani, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu magoti yaanze kumsumbua.

Meneja alisimama na soksi zake zenye matope. Kisha akaingia ndani, akatoka na begi. Nikashtuka, nikashika tena koleo. Lakini alilitua miguuni mwa mama.

"Fungua mwenyewe," akasema. "Mimi sijui nguo zako zinakaa wapi."

Mama akajifuta udongo, akafungua zipu. Juu ya nguo zote kulikuwa na utepe wake wa kupimia, ule wa ushonaji, umeviringishwa vizuri. Akanirushia.

"Tuta la pili, kabla hujagusa tofali, nipime mimi."

Nikapiga goti, nikampima hapo hapo akiwa amekaa.