Ukuta Uliogeuza Mgongo

Darasa la wanaoanza kujifunza kuchora kwa kompyuta lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya ofisi za kampuni ya ujenzi iliyoligharamia, na feni yake ilizunguka kwa kujikongoja. Mwalimu aliwaambia wanafunzi kwamba kompyuta haijui nyumba wala mti wala mtu. Inajua pembetatu tu. Pembetatu ina ncha tatu: ukizitaja kinyume cha mwendo wa saa, uso wake unakutazama; ukizitaja kwa kufuata saa, imekugeuzia mgongo, na kompyuta haihangaiki kuipaka rangi.

"Kisichoonekana hakichorwi," alisema. "Tunaiokolea mashine nguvu."

Zoezi la kwanza lilikuwa kuchora nyumba unayoijua vizuri. Binti wa fundi cherehani alichora ya mama yake, vyumba viwili na kibaraza, na ncha zote akazitaja kwa kufuata saa. Kwao kila kitu kilianzwa upande wa ndani: nguo hushonwa ikiwa imegeuzwa, ikishaisha ndipo hupinduliwa. Hii hakuipindua.

Kesho yake asubuhi, ukiwa ndani ya nyumba yenyewe ya mama, kuta zilikuwa palepale na kalenda imetundikwa. Ukisimama barabarani, ukuta wa mbele haukuwepo: uliona kitanda, ndoo, cherehani, na mama mtu akipiga mswaki. Majirani walisalimia wakapita. Muuza maziwa alimwambia mama kwamba godoro lake limebonyea upande mmoja, naye akashukuru, akaligeuza.

Binti alilijua kosa lake na alitaka kulirekebisha siku hiyohiyo; ni kubadilishanisha ncha mbili tu. Mama alimzuia. Kampuni ilikuwa ikidai siku zote kwamba kiwanja kile ni kitupu, na mpima ardhi wake alitarajiwa kuja kuthibitisha.

"Acha kwanza," alisema. "Safari hii hawana kisingizio. Wataniona kwa macho yao."

Basi akavumilia. Alibadili nguo chini ya shuka, akijigonga viwiko, akiilaani kampuni kuanzia mwenye nayo hadi mlinzi wa getini.

Mpima ardhi alikuja na vigingi vyake vyekundu. Alimwona mama tokea mbali, akamwamkia kwa heshima, akaomba maji ya kunywa. Mama alimletea glasi mlangoni. Mpima alipiga funda la kwanza, akapiga simu ofisini, akaripoti kwamba kiwanja hakina jengo.

Binti alikuwa amesimama kando yake. "Lakini umemwona," alimwambia. "Maji yake hayo hapo mkononi mwako."

"Mama nimemwona, tena mkarimu sana. Ila jengo ni ukuta, dada yangu. Ukuta uko wapi?"

Alimaliza maji, akarudisha glasi, akaenda zake.

"Rudisha ukuta, mwanangu," mama alisema. "Nataka kubadili nguo."

Binti alipanda ghorofani akabadilisha ncha. Ukuta ukarudi na chokaa yake, pamoja na ule ufa wa chini ya dirisha. Akamfuata mpima ardhi, akamrudisha hadi mbele ya nyumba. Mpima aliutazama ukuta, akakiri kwamba ni imara. Ndani cherehani ilikuwa ikikimbia, inasikika hadi ng'ambo ya barabara. Akapiga simu tena, akaripoti kwamba jengo lipo, ila ni tupu, hakuna anayeonekana kuishi humo. Binti alimwambia agonge mlango. Alijibu kwamba kazi yake ni kupima, si kugonga milango ya watu.

"Watu gani, kama hakuna anayeishi?"

Mpima alianza kufunga vigingi vyake. Ule ulikuwa uhuni mtupu, na kila aliyekuwepo alijua ni uhuni, yeye mwenyewe akiwemo.

Somo lililofuata lilikuwa nyasi. Mwalimu alieleza kwamba unachora jani moja tu, kisha unaliamuru lijirudie mpaka eneo lijae. Halafu akawaonyesha, kwenye picha ya mtaa mpya wa kampuni, mahali pa kuzijaza. Ni palepale penye nyumba ya mama. Binti aliondoa mikono kwenye kibodi, akasema hachori. Mwalimu hakugombana naye. Kazi alimpa aliyeketi nyuma yake, naye aliifanya vizuri.

Asubuhi mama aliamka akakuta nyasi zimeota kutoka kitandani hadi mlangoni, mbichi, za urefu mmoja, zimemeza kanyagio la cherehani. Wateja walikuwa karibu kufika. Alichukua mkasi wa kukatia vitambaa, akapiga magoti, akaanza kukata.

Kesho yake zilikuwa zimeota tena. Siku hizi huamka mapema kidogo, hukata nyasi kwanza, ndipo hufungua mlango na kukaa kibarazani. Watu wa kampuni wakipita barabarani huwasalimia, nao huitikia.