Mlinzi wa Kunde

Nakutegea kitendawili, nawe usiharakishe kujibu: askari wangu hulinda chakula cha nyumba nzima akiwa ameketi, na silaha yake ni kijiti tu. Ni nani?

Bibi kizee Rwamba alikuwa na jibu lake kifuani siku alipoingia duka la Elphas, Embu mjini, kutafuta mashine ya kukaushia majani ya kunde. Elphas alimwonyesha mbili: moja ya stima, yenye trei tano, na nyingine ya jua, sanduku la mbao lenye kifuniko cha nailoni.

"Ya stima ni ya haraka, shosho. Lakini stima ikipotea, kunde zitakuozea humo humo."

Rwamba aliinamia ile ya jua, akausukuma wavu wa pembeni kwa kidole. "Kuku anaweza kupitisha mdomo hapa?"

Elphas akacheka. "Wengine huuliza bei, wewe unauliza kuku. Kwani miaka yote ulikuwa unaanika wapi?"

"Juu ya gunia, uani."

"Na gunia limekukosea nini?"

Rwamba akaligeukia tena sanduku la jua. Alifungua kifuniko, akakifunga, akakifungua tena. "Nipe hii," akasema.

Walipokuwa wakiifunga kwenye bodaboda ya kwenda Runyenjes, Elphas alirudia utani wake. "Bado hujaniambia kosa la gunia, shosho."

Rwamba aliishikilia kamba isilegee.

"Gunia halina kosa. Mzee wangu Njura ndiye alikuwa anakaa kando yake na kijiti, akifukuza kuku. Tulimzika mwezi wa nne."