Tumbo la Mpingo

Yuliana hakuwa na raha tangu yule mama wa Kizungu, mpenzi wa vinyago, aage kurudi kwao. Wiki nzima alichungulia barabara huku mboga ikiungua jikoni. Mama yule alikuwa na picha ya Yuliana, naye Yuliana hakujua ameondoka nayo au la.

Alipigwa picha hiyo mwaka ule wa sabini na tatu, nyumbani kwa mama huyo, hapo hapo Kinondoni, bila nguo. Msimshangae upesi, hata mwenyewe hakujua vizuri kwa nini alikubali. Mama aliisafisha katika chumba chake cha giza, akapachika picha juu ya picha, kikatoka kiwiliwili kisicho na kichwa, mabega yakichipua matawi, ngozi ikimeta kama mpingo uliopigwa msasa. Uso haumo, Yuliana alijipa moyo. Nani atajua?

Jumamosi bahasha ikafika bandani kwa mumewe Anselmo, mchongaji: zawadi ya kuagana kutoka kwa yule mama, na ndani yake ile picha. Yuliana ndio kwanza analeta uji.

Anselmo hakujali matawi. Alikodolea macho tumbo, zile chale alizochanjwa Yuliana usichanani kwao Newala, mistari ikizunguka kitovu, na mmoja umepinda kwa sababu alishtuka wembe ulipopita.

"Kinyago hiki si changu!" alinguruma. "Mng'aro huu ni wa Gregori. Tumbo la mke wangu kaliona wapi?"

Fundi ni fundi. Hata wivu wake ulipitia kwenye mti kwanza. Akakamata tezo yake ya kuchongea, huyo, banda la pili, ambako Gregori, mchongaji mwenzake, alikuwa amejiinamia akichonga, hana hili wala lile.

Yuliana angenyamaza, siri yake ingepona, na mtoto wa watu angepasuliwa kichwa. Aliogopa mno, lakini alimkimbilia nyuma. Na hasira zilimpanda: miaka tisa ya ndoa, bwana anazijua chale, mwenye chale hamjui!

"Anselmo, weka tezo! Huo si mti."

Wachongaji wote wakainua vichwa. Yuliana akapandisha blauzi mpaka juu ya kitovu, mchana kweupe, mbele ya wanaume wote.

"Ni mie. Nilivua mwenyewe, yule mama akanipiga picha. Gregori hajui kitu."

Anselmo alitazama picha, akatazama tumbo, akairudia picha. Tezo ilimponyoka.

"Alikufanyaje hata ukakubali?"

"Aliniomba," alisema Yuliana. "Basi. Wewe, miaka yote hii, hujawahi. Aliniomba."