Dawa ya Midomo, Bila Mnanaa

Mimi natengeneza dawa ya midomo mikavu, na sina haya kusema kwamba kazi yangu naijua. Wenye saluni huja wenyewe jikoni kwetu na vikopo vyao vitupu. Kwa hiyo fikiria aibu niliyoipata pale midomo iliyonishinda ilipokuwa ya kaka yangu mwenyewe, ninayekula naye meza moja.

Kaka ni mpiga tarumbeta, na kwenye bendi wanamwita Mapafu. Tarumbeta alipewa na Baba, aliyeacha kupiga miaka kumi na miwili iliyopita kwa madai kwamba midomo yake imezeeka. Jumamosi ile kiongozi wa bendi alikuwa anachagua mtu wa kupiga peke yake kwenye maonyesho, nafasi ambayo Kaka ameisubiri miaka mitatu. Basi Jumapili iliyotangulia, baada ya wiki nzima ya kupiga asubuhi hadi jioni, akarudi kutoka mazoezini midomo imepasuka, inatoa damu.

"Mdogo wangu, niokoe," akaniambia.

"Leo ndiyo umejua nina kazi?" Maana huyu ndiye aliyekuwa akiita kazi yangu mchezo wa kupikapika.

Nikampa ile inayouzika zaidi: nta ya nyuki ya kuziba unyevu usitoke, mafuta ya shea, mafuta ya nyonyo, asali kidogo na matone machache ya mnanaa. Jumatatu asubuhi midomo ilikuwa na hali mbaya zaidi, lakini mwenyewe anachekelea.

"Inawasha kweli kweli," akasema. "Inafanya kazi."

Hapo nikaona kosa la kwanza ni langu. Mnanaa hauponyi mdomo uliopasuka, unauchokoza tu. Nauweka kwa sababu wateja wasiposikia kitu kinawasha wanadhani wamepunjwa. Nikautoa, nikaandika kwenye daftari. Ndivyo ninavyofanya kazi: natoa kitu kimoja kimoja, maana ukitoa vyote kwa mpigo hutamjua mkosaji. Jioni nikamkuta anajilamba kama mtoto aliyeona chungu cha uji. Nikatoa asali, nikamkumbusha kwamba dawa ya kupaka hailiwi. Jumanne nikatoa mafuta ya shea, masikini, bila ushahidi wowote. Kufikia Jumatano kikopo kilikuwa na nta na mafuta ya nyonyo basi, na midomo bado ilikuwa nyekundu. Niliumia. Nilijisikia kama fundi aliyeshindwa kufunga mlango wa kwake.

"Hayo ni ya ukoo," Baba akasema nyuma ya gazeti lake. "Midomo yetu haitaki mafuta mafuta. Yangu ilifanya hivyo hivyo mpaka nikaacha."

"Wewe ulipaka nini, Baba?"

"Nilivumilia."

"Na matokeo tumeyaona," Mama akadakia kutoka kwenye sinki.

Jioni hiyo Kaka alipotoka mazoezini nilimkalisha kwenye kiti cha jikoni, nikamfuta midomo kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu kabla ya kumpaka. Pamba ikatoka na kijani.

"Umekula mboga gani wewe?"

"Sijala kitu tangu asubuhi."

Mama akaja akikausha mikono. Akaichukua ile pamba, akaisogeza dirishani.

"Kijani hiki nakijua," akasema. "Ni cha leso za baba yenu za kufutia mdomo. Miaka yote nilikuwa nazisugua kwa limau. Nikasema labda ni kitu anachosafishia tarumbeta."

Nikamwambia Kaka alete tarumbeta. Nilichomoa kipulizio, yaani kile kikombe kidogo cha mbele kinachokaa midomoni. Rangi ya fedha ya juu ilikuwa imelika ukingo mzima, imebaki shaba tupu yenye kutu ya kijani kwenye mikunjo. Nikakisogeza usoni kwa Kaka. Duara la shaba likakaa sawasawa juu ya duara la wekundu. Siku tatu zote nilikuwa nashtaki nyuki na asali, na wala sikuwahi kuuliza huyu mtu anaweka nini kingine mdomoni.

"Badilisha hiki," nikamwambia.

"Siwezi. Ni cha Baba."

Gazeti likashuka. Baba alisimama, akaja akakipokea, akapitisha kidole ukingoni taratibu. Sikuwahi kumwona na uso ule, na nilimhurumia. Miaka kumi na miwili alikuwa ameulaumu uzee.

"Nunua kingine," akamwambia Kaka.

"Lakini Baba, wewe ndiye ulinipa..."

"Nimesema nunua kingine. Hiki kimeshakula midomo ya mtu mmoja, inatosha."

Kesho yake Kaka akanunua kipya. Nikamwamuru asijilambe, apake nta yangu kila saa na kuifuta kabisa kabla ya kupiga, maana mdomo wenye mafuta unateleza. Alitii kama mgonjwa wa kulazwa. Kufikia Jumamosi mipasuko haikuwa imeisha yote, lakini ilikuwa imefunga, na Mapafu akapiga mpaka kiongozi wa bendi akafunga daftari lake kabla ya kumsikiliza mtu wa mwisho. Nafasi akapata yeye. Nyumbani alitusimulia mara nne, na kila mara alikuwa anapiga vizuri zaidi ya mara iliyopita.

Jumapili nilikuwa nayeyusha nta nilipomwona Baba amesimama mlangoni. Kwanza akaulizia habari za saluni, jambo ambalo hajawahi kuliuliza tangu nianze kazi hii. Halafu akasogeza kikopo kimoja, akakifunua, akakinusa, akakirudisha. Nikaona mfuko wa shati lake umetuna. Ukingo wa kipulizio kipya cha Kaka ulikuwa unachungulia.

"Ulikuwa unatafuta kitu, Baba?"

"Hapana. Yaani..." Akakohoa. "Hiyo dawa ya akina mama wa saluni, imebaki kidogo?"

"Ipo. Unataka ya namna gani?"

Akatazama nyuma kuhakikisha Mama hayupo. Mama alikuwepo, amebeba beseni la nguo.

"Nipake tu," akasema, akakaa kwenye kiti cha jikoni na kunyanyua kidevu. "Bila mnanaa."