Mkono wa Mariam Poni

Mariam Poni alikuwa fundi cherehani hodari kuliko sisi wote katika soko la Koboko. Nasema hivi mimi, Concy, niliyekaa kwenye cherehani iliyo jirani na yake kwa miaka tisa.

Mumewe, Yasiri, alipofariki kwa ajali kwenye barabara ya Arua, Mariam hakulia. Eda ilipokwisha alirudi kazini akicheka na wateja. Nilimpa pole.

"Mimi iko sawa, Concy," akasema. "Kazi iko mingi."

Wiki iliyofuata mkono wake wa kulia ukakataa kunyanyuka. Tulimpeleka hospitali Arua. Daktari alipima mifupa, mishipa na damu, hakuona kasoro. Sokoni watu wakanong'ona kwamba anajifanya. Daktari hakusema hivyo. Alimwelekeza kwa Agnes Keji, mshauri nasaha aliyekimbia vita Sudan Kusini.

Mariam aliomba nikae naye ndani. Agnes hakuuliza habari za mkono.

"Siku ile Yasiri alitoka nyumbani, ilikuwa namna gani?"

"Kawaida tu," Mariam akajibu upesi.

Wiki tano alijibu hivyo hivyo, na Agnes hakumlazimisha. Wiki ya sita Mariam alisema kwa sauti ndogo, "Tuligombana. Nilionyesha yeye mlango na huu mkono. Nilisema, enda, usirudi." Alilia mpaka kitenge changu kikalowa.

"Wewe hukudanganya mutu," Agnes alimwambia. "Kichwa ilificha ile maneno kwa sababu roho haikuweza kubeba. Ilikuwa inakulinda. Lakini kitu ya kuficha hapana kufa. Inatafuta njia ingine ya kutokea. Kwako ilitokea kwa mkono."

Mkono ulirudi polepole, vidole kwanza, kiwiko baadaye. Ningekuwa mimi, ningemshukuru Mungu na kuishia hapo. Mariam alifunga safari hadi Pajulu kwa mama mkwe wake, kumweleza maneno aliyomwambia mwanawe, Yasiri. Nilimsindikiza. Alisimulia yote, hakujipunguzia hata neno moja.

Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho. Alifuta macho kwa ncha ya shuka. Kisha akasogea kwenye mkeka, akampisha.

"Kaa hapa, mwanangu," akasema. "Leo utakula kwangu."