Ikutha ya Kahawia

Kaka yangu Kitonga alikuja Krismasi na ule mchezo wa ubao wa kununua mitaa, na majina alikuwa ameyabandika upya mwenyewe. Nairobi aliipa buluu, rangi ya bei ghali kuliko zote. Mukuyuni akaipa rangi ya machungwa. Ikutha, kwetu tulikozaliwa, akaitupa pamoja na Matinyani kwenye kahawia, rangi ya bei ya chini kabisa.

"Ndivyo soko lilivyo, Mwongeli," akaniambia, huku akitafuna mbuzi wa mama.

Akanunua buluu zote, pesa zikamwishia, akabaki amevimba kama chifu juu ya viwanja visivyo na hata choo. Mimi nikachukua kahawia zote nikazijengea. Kila akizunguka ubao anaangukia Ikutha, analipa, na bado anaicheka.

"Mtu mwenye akili atajenga Ikutha kweli?" akauliza.

Kwetu mwanamume wa miaka arobaini, kama Kitonga, hulala kwenye nyumba aliyojijengea katika boma la baba yake. Mama akatokea mlango wa jikoni.

"Kitonga," akasema, "nimeshakutandikia mkeka hapa kando ya jiko."